Haya Si Kipimo: Nani Atapima Hofu ya Binti wa Ipililo?



Mwezi Juni nilikwenda Ipililo, wilayani Maswa, kumzika mama yangu mkubwa. Anayeijua Simiyu anajua kwamba msiba wa kwetu hauna mwaliko. Watu hutoka Malampaka, hutoka Lalago, hutoka Bariadi. Wanaume hukaa chini ya mwembe, wanawake hujaza ua, na asiyeonekana huulizwa. Kwa siku tatu mpwa wangu hakuonekana. Ana miaka 19 na nyumba yao haifiki hatua 100 kutoka ulipokuwa msiba. Nilikuja kugundua kwamba maji yote tuliyonawa mikono, na mengi ya yaliyopikia ugali wetu, yalichotwa na yeye. Aliyachota saa kumi alfajiri, kabla kisima hakijapata watu, akayamimina kwenye mapipa gizani, akarudi kujifungia.

Nilipouliza, wazee wakanijibu kwa sifa: "Yule binti ana haya. Amelelewa." Wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mazungumzo yakageukia bei ya pamba.

Jioni ya siku ya nne dada yangu alinitolea karatasi aliyoikunja mara nne. Mwaka uliotangulia alikuwa amempeleka binti yake kwenye kituo kimoja cha afya, sitakitaja, na huko akahojiwa kwa hojaji yenye maswali 24. Chini ya karatasi palikuwa na jumla: 27. Mhudumu alimweleza dada yangu kwamba mtu huanza kushukiwa kuwa na ugonjwa anapofikia 30. Kwa hiyo binti hakuwa na ugonjwa. Alikuwa na aibu za ujana, zingeisha akiolewa.

Makala haya ni ugomvi wangu na ile namba 27. Ni ugomvi pia na sifa ya wazee chini ya mwembe, kwa maana pande hizi mbili, ya kisasa na ya kimila, zimefikia hukumu moja: binti ni mzima.

Nianze kwa kuitendea haki hojaji yenyewe. Niliitambua mara moja. Ni tafsiri ya kipimo alichokitunga daktari wa akili wa Marekani, Michael Liebowitz, mwaka 1987, na hadi leo ni miongoni mwa vipimo vinavyotumika sana duniani kupima ukali wa hofu ya kijamii. Wazo lake ni zuri. Kwa kila hali kati ya hali 24, mtu hupewa alama mbili: moja ya hofu anayoisikia, nyingine ya kiasi anachoikwepa hali hiyo, kila moja kuanzia 0 hadi 3. Jumla ya juu kabisa ni 144. Watafiti waliofuata walipendekeza 30 iwe mpaka wa kushuku ugonjwa, na 60 iwe dalili ya hofu iliyoenea karibu kila mahali penye watu.

Kutenganisha hofu na ukwepaji ni jambo la busara kubwa. Wapo watu wanaotetemeka na bado wakasimama kuhutubia. Wapo wasiotetemeka kamwe kwa sababu hawajawahi kukubali kusimama. Wa pili anaonekana mtulivu, ilhali ndiye aliyeumia zaidi. Kipimo kinachouliza hofu pekee kingempita. Kwa hiyo sigombani na Liebowitz. Nagombana na sisi, tuliochukua karatasi ya watu wengine, tukabadili maneno yake bila kubadili maisha yaliyomo ndani yake.

Tazama baadhi ya hali zinazoulizwa. Kurudisha bidhaa dukani ili urudishiwe fedha. Kuandaa tafrija. Kumkatalia muuzaji anayekushinikiza ununue. Kumwanza mtu kwa nia ya mapenzi. Kujisaidia katika choo cha umma. Niambie, msomaji, ni lini binti wa Ipililo alirudisha kitenge dukani akadai fedha zake? Ni tafrija gani ataiandaa yeye, katika kaya ambayo sherehe ni ya baba na wajomba? Akijaribu kumwanza mwanamume, kijiji hakitasema ameshinda hofu, kitasema mengine. Mwongozo wa kipimo unaelekeza kwamba mtu ambaye hali fulani haijamfika ajaribu kuiwazia kana kwamba imemfika. Lakini kuwaza nako kunahitaji mahali pa kuanzia. Mpwa wangu aliulizwa jambo asilolijua, akajibu kwa uaminifu: "Haijanitokea." Mwandishi akaandika 0.

Tufanye hesabu ndogo. Maswali hayo niliyoyataja ni matano. Kila swali lina alama 6. Tano mara sita ni 30, yaani sawasawa na mpaka wa kumtambua mgonjwa. Sisemi kwamba binti angepata zote 30. Nasema kwamba sehemu ya kipimo iliyo kubwa kama mpaka wenyewe haikuwa na mahali pa kumgusa. Ukipima uzito wa gunia huku kona moja ya mizani imekaa juu ya jiwe, usijisifu kwa namba uliyoipata. Mkulima wa pamba yeyote wa kwetu analijua hilo kuliko profesa.

Na kosa linakwenda upande wa pili vilevile. Kuna swali juu ya kumtazama machoni mtu usiyemjua vizuri, na jingine juu ya kupinga kauli ya mtu wa namna hiyo. Kwetu binti anapoamkia wakubwa hupiga goti na kuinamisha macho. Kumkodolea mzee ni utovu wa adabu. Msichana asiye na ugonjwa wowote, mchangamfu, mwimbaji wa kwaya, atapata alama katika maswali hayo kwa kosa la kulelewa vema. Karatasi ile ile inamwongezea mzima na kumpunguzia mgonjwa.

Kipo kipimo kingine mashuhuri, kilichochapishwa mwaka 2000 na Connor na wenzake, chenye maswali 17 na jumla ya 68. Humo mtu huulizwa kama husumbuliwa na kuiva uso mbele za watu. Katika ngozi nyeupe wekundu huo huonekana na kila mtu, na kuonekana huko ndiko kunakotisha. Katika ngozi yetu damu hupanda vilevile, uso huwaka moto vilevile, lakini hakuna anayeona. Ukitafsiri swali neno kwa neno, mtu atakushangaa. Ukiuliza kama uso humchoma kwa joto watu wanapomwangalia, huenda akalia. Wahenga walikwisha kutuonya: cha kuazima hakisitiri matako.

Hata hivyo, kilichoniudhi zaidi si maswali, bali namna yalivyoulizwa. Dada yangu alinisimulia. Yalisomwa kwa sauti, mlango ukiwa wazi, foleni ikisikiliza, mama mtu akiwa kando na mhudumu asiyejulikana akiwa ameshika kalamu. Fikiria, ndugu msomaji. Mtu aliyeletwa kwa sababu anaogopa kutazamwa na watu amewekwa mbele ya watu na kuulizwa, kwa sauti, kama anaogopa kutazamwa na watu. Kwa kila swali alijibu jibu fupi kuliko yote litakalomtoa pale: "Kidogo." "Hapana." "Kidogo." Hapo ndipo ilipozaliwa 27. Upimaji wenyewe uligeuka kuwa hali ya 25, ambayo haikuandikwa kwenye karatasi, na katika hali hiyo binti alifanya kile ambacho ugonjwa wake humfanyisha kila siku: alikimbia, ila safari hii alikimbia kwa majibu.

Sasa nieleze ambayo karatasi haikuuliza. Mpwa wangu aliacha shule akiwa kidato cha pili. Nyumbani alikua na Kisukuma, shule ya msingi ikampa Kiswahili, sekondari ikamdai Kiingereza kwa siku moja. Alisimamishwa asome aya mbele ya darasa, akakwama, darasa likacheka, akaamriwa asimame hadi kipindi kiishe. Hakurudi wiki iliyofuata, wala mwezi uliofuata. Hutembea njia ndefu ya kuzunguka mnada kuliko kukatiza katikati ya watu. Msimu mmoja mama yake alimtuma akapokee fedha za pamba kwenye chama cha msingi. Majina yalikuwa yakiitwa kwa sauti, na kabla jina la mama halijafikiwa alikuwa amekwisha kuondoka kwenye foleni. Fedha zikasubiri, na deni la mbegu likaongezeka maneno. Na sasa, mazishi ya bibi yake aliyempenda ameyasikia kutoka nyuma ya ukuta.

Usiku mmoja, tukiwa wawili tu na taa ikiwa mbali, aliniambia sentensi ambayo hakuna hojaji iliyowahi kunifundisha: "Mjomba, watu wakiniangalia naona kama mikono hii si yangu."

Je, hiyo ni haya? Hapa nawageukia wazee wangu, kwa heshima yote. Lugha yetu ni tajiri katika jambo hili. Tuna haya, aibu, soni, tahayari, fedheha, woga, hofu, wasiwasi. Babu zetu hawakuyatunga maneno yote hayo ili sisi tuyatumie kama moja. Haya humzuia mtu kutenda lisilofaa. Hofu ninayoizungumzia humzuia kutenda linalofaa, analolitaka, na ambalo jamii yenyewe inamdai. Mwenye haya huinamisha macho, kisha husema lililomleta. Mwenye hofu hurudi nyumbani na lililomleta. Binti asiyeweza kumlilia bibi yake mbele ya ukoo hatekelezi mila. Mila yenyewe imemshinda. Kumwita mwenye haya ni kumsifu mtu kwa jeraha lake.

Na wale wanaosema kwamba "Msukuma kwa asili ni mpole, ndivyo tulivyo", nawauliza: Bagika na Bagalu ni akina nani? Watu ambao kwa vizazi wameshindana kwa ngoma uwanjani, wakivuta umati kila kundi upande wake kwa mbwembwe, nyimbo na hata nyoka, si watu wanaoogopa kutazamwa. Hofu hii si kabila. Huwapata baadhi ya watu katika kila kabila na kila taifa. Wajapani waliipa jina lao zamani, taijin kyofusho, na kwao mara nyingi mgonjwa huogopa kuwaudhi wengine kwa kuwapo kwake, zaidi ya kuogopa kujiaibisha. Mwili wa hofu ni mmoja. Nguo zake hutofautiana. Ndiyo maana hata Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, kilichoutambua ugonjwa huu rasmi katika mwongozo wake wa mwaka 1980, kiliandika katika toleo la 2013 kwamba hofu hiyo lazima izidi kipimo kwa kulinganishwa na mazingira ya jamii na utamaduni wa mhusika, na kwamba kwa kawaida iwe imedumu miezi sita au zaidi. Wenye karatasi wenyewe wanatuambia tutazame utamaduni. Sisi tulioazima ndio tuliokataa kutazama.

Nayajua mapingamizi. La kwanza huja kutoka kwa wanaharakati wenzangu: kwamba hofu ya kijamii ni ugonjwa uliobuniwa kuuzia dawa. Hawajakosea kabisa. Mwaka 1999 dawa ya paroksetini iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu, na kampeni kubwa ya matangazo ikafuata, hata watu wengi waliokuwa na soni ya kawaida wakajiuliza kama ni wagonjwa. Somo ninalolipata hapo ni kwamba kipimo kibovu kina mwenye kunufaika. Kikivuta kila mtu ndani, muuza dawa hufurahi. Kikimwacha mgonjwa nje, mtunza bajeti hufurahi. Katika pande zote mbili, anayepoteza ni yule aliyeketi mbele ya kalamu. Dawa ya hilo ni kupima vizuri, wala si kuacha kupima.

Pingamizi la pili ni la watumishi wenzangu wa umma: "Mwalimu, zahanati zinahangaika na malaria na kina mama wajawazito, wewe unatuletea habari za aibu?" Nawajibu kwamba silipii mashine. Ninachoomba ni karatasi iliyofikiriwa, mlango uliofungwa, na dakika chache za masikio. Kipimo cha maswali 17 nilichokitaja kina mdogo wake wa maswali matatu tu, wenye jumla ya 12, ambapo 6 humwambia mhudumu aendelee kuuliza. Ufupi si tatizo. Tatizo ni maswali matatu ya nani. Shirika la Afya Duniani lenyewe, ambalo mwongozo wake wa 2016 kwa vituo visivyo na mabingwa haukuwa na sura ya wasiwasi inayojitegemea, limeongeza eneo hilo katika mapendekezo yake ya 2023. Kisingizio cha kwamba dunia haijatuambia kimekwisha.

Pingamizi la tatu ni kwamba hatuna utaalamu wa kutunga vipimo vyetu. Hili ndilo linaloniuma, kwa kuwa majirani wamelijibu muda mrefu. Zimbabwe, katika miaka ya 1990, Vikram Patel na wenzake walianza kwa kuwasikiliza wagonjwa, waganga wa jadi na wahudumu wa afya, wakaokota maneno ya Kishona, likiwamo kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, wakatunga hojaji ya maswali 14 iliyochapishwa mwaka 1997. Baadaye Dixon Chibanda aliwaweka mabibi kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya vya Harare, hojaji hiyo mkononi, na matokeo ya kazi yao yakachapishwa mwaka 2016 katika jarida kubwa la tiba la Marekani. Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, watafiti waliwauliza wanakijiji kwanza: mtu mzima wa hapa hufanya kazi gani kila siku, na ipi humshinda akiwa na majonzi? Majibu yao yakawa sehemu ya kipimo, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2003. Hiyo ni Rakai, ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Hawakutumia uchawi. Walianza na swali, sisi tukaanza na tafsiri.

Basi hojaji ya Simiyu ingeuliza nini? Sina mamlaka ya kuitunga peke yangu, lakini msiba umenifundisha mwanzo wake. Ingeuliza: unapokuwa na msiba jirani, unaingia uani au unakaa nje? Unachota maji saa ngapi, na kwa nini saa hiyo? Jina lako likiitwa kwenye foleni ya zahanati, au ya fedha za pamba, unaitika? Kwenye mkutano wa kijiji, ukiwa na neno, unalisema au unarudi nalo? Ukiombwa kuongoza sala au kuanzisha wimbo? Ukipita mnadani? Ukipikia wageni huku wakikuangalia? Kwa kila moja: unasikia hofu kiasi gani, unaikwepa mara ngapi. Na lazima "haijanitokea" iwe na safu yake, isihesabiwe kamwe kuwa sifuri. Kisha safu ya tatu, ambayo naiona kuwa ndiyo roho ya ukali wa ugonjwa: umepoteza nini? Shule, mchumba, kazi, fedha, mazishi ya bibi yako? Hofu ni ya moyoni, na mtu anaweza kuificha au kuikuza. Hasara iko hadharani, na mama mtu anaweza kuihesabu.

Hojaji ya namna hiyo itahitaji kujaribiwa kwa uangalifu, kulinganishwa na uamuzi wa tabibu mzoefu, kusahihishwa na kujaribiwa tena. Hiyo ndiyo kazi ya vyuo vyetu. Wanafunzi wa saikolojia, uuguzi na sosholojia mnaosoma hapa: kila mwaka mnaniletea mada za tasnifu zilizonakiliwa. Mada yenu hii hapa, na ada yake ni nauli ya basi hadi Maswa.

Kabla sijamaliza, nina deni la kulipa. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja hakufika kuwasilisha kazi yake mbele ya darasa. Kazi ya maandishi ilikuwa bora kuliko za wenzake wote. Kanuni yangu ilisema asiyewasilisha hupata sifuri katika sehemu hiyo, nami nikaiandika sifuri kwa mkono usiotetemeka. Alikuja mlangoni kwangu mara mbili na mara zote mbili akaondoka kabla sijamaliza kuzungumza na mtu aliyekuwa ndani. Nilidhani ni kiburi. Muhula uliofuata hakuwapo. Nilipoitazama ile 27 ya mpwa wangu nilimkumbuka, nikatambua kwamba mhudumu yule na mimi tumeandika namba za aina moja. Sote tulipima kile ambacho mtu hakuweza kukionyesha mbele yetu, tukakiita kuwa hakipo.

Siku hizi mwanafunzi wangu anaweza kuwasilisha kwangu peke yangu kwanza, kisha mbele ya watatu, kisha mbele ya darasa. Kukabili hofu kwa ngazi ndogondogo ni sehemu ya tiba inayotambulika ya ugonjwa huu, wala si upendeleo. Wakuu wa shule, maofisa elimu, na wajumbe wa kamati za usaili mnaosoma hapa mnaweza kuanza na ngazi zenu kesho bila waraka wowote kutoka Dodoma. Mwalimu anaweza kuacha kumsimamisha mtoto kama adhabu ya kukwama katika lugha ambayo hajaipata. Mhudumu anaweza kufunga mlango. Waraka utakapokuja, kutoka Wizara ya Afya, uje na jambo moja: hojaji yoyote ya afya ya akili isitumike kumrudisha mtu nyumbani mpaka ijaribiwe kwa watu wanaofanana naye.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mpwa wangu hakuficha. Mama yake alimpeleka, akakaa, akaulizwa, akajibu alivyoweza. Mwezi ujao nitampeleka tena, kwa tabibu atakayekubali kumsikiliza faraghani. Ile karatasi nitaibeba, imekunjwa mara nne vilevile, na nitamwomba aanze kwa kuuliza maji huchotwa saa ngapi.